Ntumba za Skolastika

Kilosa, Jumamosi ya pili ya Januari

Mwanangu Yustina,

Ni miaka thelathini na mitatu na miezi saba tangu nipande lori la mahindi pale Sumbawanga, nikakaa juu ya magunia hadi Tunduma, na tangu siku hiyo sijaiona tena Ufipa. Kesho asubuhi unakwenda kule nilikotoka. Umepangiwa shule ya msingi katika kata ileile niliyoanzia kazi, wala hukuomba. Mtu ofisini ameandika jina la kata na jina lako kwenye mstari mmoja, bila kujua anaandika nini.

Mama yako yuko chumbani anapanga na kupangua begi lako. Ameweka sweta mbili, ametoa moja, ameirudisha. Mambo ya sweta na blanketi, dawa ya kikohozi, namba ya simu ya kondakta, nimemwachia yeye, anayaweza kuliko mimi. Mimi nimekaa barazani, jua la saa kumi bado linachoma, nikuandikie jambo ambalo nilipaswa kukwambia Jumatano nikashindwa.

Jumatano ulikuja kutoka uani ukiwa na simu mkononi, umefurahi. Ulisema umempata mwenyekiti wa kamati ya shule, mama mmoja anaitwa Skolastika, na kwamba ana chumba nyumbani kwake, utakaa hapo hadi upate pako. Kisha ukaniambia: "Baba, nilipomtajia jina la ukoo alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama mimi ni binti wa Mwalimu Gaudensi. Anakusalimu sana. Anasema unisindikize, ukapaone nyumbani."

Nikasema magoti hayaniruhusu safari ndefu. Ukaniuliza: "Ni magoti tu, baba?" Kisha ukatulia, ukanitazama, ukangoja. Nikainuka nikaenda kuwawekea kuku maji, na kuku walikuwa nayo.

Yustina, mama huyo alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, na aliyemwachisha ni mimi. Unakwenda kulala katika nyumba ya mtu niliyemkatisha masomo. Sitaki ulisikie jambo hili kwa jirani wakati unachota maji. Tena sitaki usilisikie kabisa, ukala chakula chake kila siku bila kujua.

Lakini siwezi kulieleza bila kwanza kukukumbusha ile likizo yako ya mwaka juzi. Ulikuwa umerudi kutoka chuoni, ukawakusanya watoto wa majirani kwenye kivuli cha ukuta wa jiko. Ulichora duara vumbini, ukaligawa kwa kijiti, ukamuuliza yule mdogo, Mwanaidi, nusu ya robo ni kiasi gani. Mtoto akatazama duara. Ukanyamaza. Akachora mstari, akaufuta kwa kiganja. Ukanyamaza. Mimi nilikuwa ndani, dirishani, nasoma gazeti la wiki iliyopita, na ule ukimya ulikuwa unanipanda mgongoni kama siafu. Nikavumilia, nikavumilia, mwishowe nikapiga kelele kupitia nondo za dirisha: "Thumni! Moja ya nane!"

Watoto wote waligeuka kuangalia dirisha. Mwanaidi akaweka kijiti chini.

Jioni uliniambia, bila hasira: "Baba, umemnyang'anya mtoto jibu lake. Alikuwa amebakiza kidogo."

Nikajibu kwamba nimemsaidia.

"Umemsaidia kitu gani?" ukauliza. Nikakucheka. Ulikuwa umenieleza kwamba mkufunzi wenu anauita ukocha: kwamba mwalimu asimame nje ya mstari kama kocha, asiingie uwanjani kupiga mpira mwenyewe, amuulize mwanafunzi anataka kufika wapi, amejaribu nini, ameona nini, sasa atafanya nini, halafu anyamaze amsikilize kweli. Nikakuuliza ni kocha wa timu gani na kama mmegawiwa filimbi. Nikakwambia darasa la watoto themanini, wanne kwenye dawati, halina nafasi ya kungoja mtu mmoja afute mistari. Ulifikiri, ukasema: "Labda halina. Nitaanza na mmoja kwa siku."

Nilikwenda kulala nimeudhika, na kwa muda mrefu nilidhani nimeudhika kwa sababu kijana wa juzi anamfundisha kazi mtu aliyeshika chaki kabla yeye hajazaliwa. Haikuwa hivyo. Niliudhika kwa sababu nilikumbuka mtoto mwingine aliyeweka kitu chini kwa ajili ya sauti yangu.

Unazikumbuka zile ntumba za bibi yako hapa nyuma ya jiko? Ulikuwa na miaka mitano, ukizirukia, naye anakufukuza kwa ufagio huku anacheka. Majirani walidhani ni makaburi ya paka. Hapa Kilosa hazikumfaa, joto jingi na udongo mwingine, lakini kila masika alitengeneza tatu kwa sababu mikono yake haikujua njia nyingine ya kuanza shamba. Kule Ufipa ndiyo kilimo chenyewe. Mvua zikiwa katikati, majani yakiwa yamefika kiunoni, unayalaza kwa jembe katika duara, unapindua udongo juu yake hadi litokee fungu la mviringo linalokufika gotini. Juu yake unachomeka maharage. Majani yanaoza humo ndani. Mwaka unaofuata unabomoa fungu, unalitandaza, unapanda ulezi. Mbolea nyingine hakuna, wala huihitaji. Ukifika mwezi wa tatu utaona kilima kizima kimejaa mafungu hayo, yamekaa kwa kupishana, kiasi kwamba maji ya mvua hayapati njia ya kushuka moja kwa moja. Yanazungukazunguka hadi yanachoka.

Nilikula ulezi wa ntumba hadi nilipokwenda chuo cha ualimu. Huko mkufunzi mmoja wa kilimo alizitaja kama mfano wa ujima, kilimo cha kizamani. Wenzangu kutoka mikoa mingine wakaniangalia wakicheka, wakijua natokea wapi. Nilicheka pamoja nao. Kwenye mtihani niliandika kurasa mbili za ubora wa matuta ya kisasa, nikapata alama za juu kuliko wote. Sijawahi kumwambia bibi yako.

Nilirudi nimevaa tai. Nilikuwa na miaka ishirini na minane nilipopewa darasa la sita katika shule ile, baada ya kuzunguka madarasa ya chini kwa miaka michache. Nilikuwa mwalimu mzuri kwa namna tulivyopima wakati ule. Ubao wangu ulijaa hadi pembeni. Nikiuliza swali nilikuwa natafuta neno moja nililonalo tayari, na mtoto asiyelisema haraka nilihesabu kwamba hana kitu. Hapo nilikosea mara mbili, maana mimi ni Mfipa. Nilijua kabisa kwamba mtoto wa kule haruki na jibu mbele ya mkubwa. Anaangalia chini kwanza, anaacha neno la mkubwa litue. Nilifanya hivyo mimi mwenyewe mbele ya baba yangu. Lakini darasani niliita ujinga.

Skolastika alikuwa hivyo. Mrefu, mtaratibu, mikono yake daima ina udongo kwenye kucha. Alikaa dawati la nyuma karibu na mlango.

Mwaka ule tulipata taarifa kwamba mkaguzi angepita kuona mashamba ya shule. Mwalimu mkuu akanipa kazi ya kufungua eneo jipya la maharage, kwenye mteremko ulio chini ya barabara ya kwenda Namanyere. Nilikuwa na kamba na vigingi. Chuoni tulifundishwa kwamba tuta likinge mteremko, na hilo nililijua. Lakini nilisimama barabarani nikatazama chini, nikaona kwamba matuta yakikinga, mtu aliye kwenye gari ataona mgongo mmoja tu, basi. Yakishuka kutoka barabarani kwenda bondeni, ataona mistari thelathini iliyonyooka kama daftari. Nikapima ya kushuka.

Nilipokuwa navuta kamba, Skolastika alikuja akasimama hatua chache kutoka kwangu. Kisha akasema: "Mwalimu, maji yatashuka na udongo."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona kwa bibi. Na hapa pia, mwaka jana maji yalipita hapa." Alionyesha kwa kidevu, mahali penyewe.

Sasa sikiliza nilichomuuliza, kwa sababu lilikuwa swali. Nikamuuliza: "Umesoma kitabu gani?"

Darasa lote likacheka. Kijana mmoja, nadhani ni Oresti, akasema: "Kitabu cha bibi, mwalimu, hakina jalada." Wakacheka tena, na mimi nikacheka. Yeye aliangalia chini, akarudi kwenye sehemu yake.

Kila mwanafunzi alikuwa na hatua kumi za kulima. Wote walifuata kamba. Skolastika alitengeneza ntumba nne, akapanda maharage juu yake. Sikuziona kwa wiki kadhaa kwa sababu zilikuwa chini kabisa, karibu na bonde. Nilizigundua siku moja kabla ya mkaguzi, nilipokwenda kufyeka pembezoni. Maharage yake yalikuwa yametoa maua. Ya wengine yalikuwa bado majani manne, mengine yameanza kuwa ya njano.

Ningeweza kuuliza kwa nini. Ningesimama tu pale nikasema, haya yako yametoa maua na ya wenzako bado, wewe unaonaje? Angeangalia chini, angechukua muda wake, kisha angenieleza darasa zima la kilimo ambalo mama yangu alinieleza kabla sijajua kusoma. Badala yake nilimwita, nikamwambia avunje.

"Zote, mwalimu?"

"Zote. Kesho nataka mstari."

Hakulia. Aliweka jembe kando. Kwanza aling'oa maharage kwa mkono, mche mmoja mmoja, na udongo wake, akayapanga kwenye kivuli cha majani kama mtu atakayeyapanda tena. Halafu akashika jembe. Ndani ya fungu majani yalikuwa yameshaanza kuwa meusi, na harufu yake ilinifikia pale niliposimama. Ilikuwa harufu ya shamba letu. Nikageuka nikaondoka.

Mkaguzi alipita kesho yake saa tano. Hakushuka kwenye gari. Alitazama kupitia dirishani, akaandika kitu, akamwambia mwalimu mkuu kazi nzuri, wakaenda.

Siku tisa baadaye ilinyesha mvua ya kutwa mbili. Maji yalishika zile njia thelathini nilizoyachorea, yakakutana palepale Skolastika alipoonyesha kwa kidevu. Lilichimbika korongo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angesimama ndani asionekane. Maharage yote, ya kila mtu, yakaenda bondeni.

Mwalimu mkuu alituita walimu akauliza nani alipima. Mwanangu, nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nilisema wanafunzi hawakufuata kamba. Na kwa sababu aliniangalia kana kwamba haridhiki, nikaongeza: "Hasa wale wa upande wa chini, waliokuwa na mambo yao ya ntumba." Wale. Alikuwa mmoja, nami nilijua kwamba atauliza ni nani.

Skolastika alichapwa mbele ya shule nzima, akaambiwa asirudi bila mzazi. Hakurudi. Siku ya kwanza nikasema kesho. Siku ya nne nikavaa koti nikaenda kwao, maana nilikuwa nimeamua kusema.

Sasa nataka uelewe jinsi ilivyokuwa, kwa sababu utapokelewa vilevile kesho kutwa. Nilipoingia uani, baba yake, mzee Dismas, aliacha kazi akaja kunipokea. Mama yake alichuchumaa, akapiga makofi yale ya taratibu, akanisalimu kwa Kifipa, akauliza habari za nyumbani kwetu, za mama, za shamba, za ng'ombe, mpaka zikaisha. Kikaletwa kigoda, kikafutwa kwa kanga. Skolastika alikuja na maji ya kunawa, akapiga magoti, akanimiminia. Kikaja chakula, ugali wa ulezi na maharage, na nilijua maharage hayo yametoka kwenye ntumba za bibi yake.

Mzee Dismas alingoja hadi nimenawa. Alisema polepole, bila kupandisha sauti: "Mwalimu, mtoto ameniambia alivunja maharage yenye maua kwa mkono wake, kwa sababu shule ilimwamuru. Mimi sikusoma. Lakini nikimwacha huko atafundishwa nini kingine?"

Kisha akanishukuru kwa kuja.

Hapo ndipo sentensi yangu ilipotakiwa. Ilikuwa fupi: mzee, aliyepima ni mimi, na binti yako alinionya. Naamini angemrudisha shule kesho yake, maana alikuwa mtu wa haki na hasira yake haikuwa kwa kusoma, ilikuwa kwa uongo. Lakini walikuwa wamenikaribisha vizuri mno. Kusema vile mbele ya kigoda kilichofutwa, mbele ya sahani ile, ingekuwa kama kumwaga kitu katikati ya uwanja uliofagiwa. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Ukweli ni kwamba adabu yao ilinipa mahali pa kujificha, nikajificha. Nilisema shule itasikitika kumkosa. Nikala. Nilimaliza sahani, Yustina. Skolastika akaja tena na maji ya kunawa.

Juni nikaomba uhamisho. Niliandika sababu za kiafya.

Watu hapa wanadhani nilihamishwa nikanogewa na Kilosa, nikaoa, nikasahau kwetu. Bibi yako alipozeeka nilimleta hapa badala ya kwenda kumtunza kule. Kila mwaka aliniuliza: "Gaudensi, nyumbani tunaenda lini?" Nikasema kazi. Mwaka mmoja hakuuliza tena. Alijua kuna kitu, na kwa kuwa alikuwa Mfipa hakuchokonoa. Amezikwa hapa Kilosa, kwenye joto hili asilolipenda, kwa sababu mwanawe alishindwa kusema sentensi moja. Hilo ni la pili katika hesabu yangu na sina uhakika kwamba ni dogo kuliko la kwanza.

Utaniuliza kama nilibadilika nilipokuja huku. Niliacha fimbo, hilo wanafunzi wangu wa zamani watakwambia. Sikuacha majibu. Nilifundisha miaka thelathini zaidi nikiwapa watoto majibu kabla hawajayataka, kwa upole, kwa sauti nzuri, na walifaulu wengi. Hata wewe nilikufanyia. Nakumbuka ulivyokuja na daftari la hesabu darasa la tano, nikakuchukulia kalamu mkononi "nikuonyeshe". Ulikuwa unasimama kando yangu ukiangalia kalamu yako ikiandika. Niliona nakupenda. Nilikuwa nakupenda, lakini nilikuwa naogopa pia ule muda kabla mtoto hajasema, kwa sababu ndani yake aliwahi kusimama mtoto aliyejua kuliko mimi.

Kwa hiyo sikudharau huo ukocha wenu kwa kutouelewa. Niliuelewa upesi sana. Ulipokuwa unanieleza maswali yenu, umeona nini, umejaribu nini, unadhani kitatokea nini, nilikuwa nayasikia yakiulizwa kwenye ule mteremko, na kila moja lilikuwa na jibu tayari mdomoni kwa Skolastika. Alikuwa ameona. Alikuwa amejaribu. Alijua kitakachotokea, na mahali.

Jambo moja tu naweza kukuongezea juu ya yale ya chuo, nalo nimelinunua ghali. Swali nalo linaweza kuwa fimbo. "Umesoma kitabu gani" lilikuwa swali, na kwenye karatasi ya mkufunzi wako labda lingehesabiwa kuwa mwalimu amemshirikisha mwanafunzi. Mtoto anajua mara moja kama unauliza ili akwambie au unauliza ili anyamaze. Mimi nilijua pia, na ndiyo maana nilicheka. Basi siku utakapochoka, mvua inapiga bati hadi husikiki, na kuna mtu wa ofisini anakuja kesho, angalia maswali yako ya siku hiyo zaidi ya siku nyingine zote. Sijui utafanyaje na watoto themanini. Kweli sijui, na sitakudanganya kwamba nilijua wakati wowote. Mmoja kwa siku, ulisema. Ningekuwa na mmoja tu kwa mwaka ule mzima, ningemchagua yule wa karibu na mlango.

Alhamisi, ulipokwenda sokoni na mama yako, nilichukua namba kwenye karatasi uliyoiacha mezani, nikampigia. Nilikuwa nimeandika sentensi yangu pembeni ya gazeti ili nisiipoteze.

"Shikamoo mwalimu," akasema, kabla sijajitaja. Sijui alijuaje.

Nikaitikia. Akanisalimu tena kwa Kifipa, salamu zote, taratibu, na nikasikia kwa mbali makofi, nadhani alikuwa ameweka simu begani. Akaniuliza habari za mama, nikamwambia alishafariki, akanipa pole iliyonichoma kuliko yoyote niliyowahi kupewa. Akasema mvua zimeanza vizuri, na kwamba mjukuu wake yuko darasa la sita. Akasema: "Njoo, mwalimu. Kigoda kipo."

Nikamwambia mahindi ya huku yamepandwa mapema mwaka huu. Nikamwambia asante kwa chumba. Tukaagana. Sentensi ilibaki pembeni ya gazeti, ambapo mama yako aliikuta jioni. Alikuja nayo hapa barazani akasimama. "Hii ni ya nani?" akauliza. Nikamweleza yote kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu. Alilikunja gazeti, kisha akasema: "Mwambie mtoto kabla hajapanda basi. Akifika hajui, atakuwa anakula kwa jina lako." Ndiyo barua hii.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, ndogo, yenye jina lake. Ni ukurasa mmoja, umeandikwa ile sentensi na yale yaliyoifuata, bila salamu ndefu. Nimemwandikia pia kwamba ukurasa huo ni wake, anaweza kuusoma mbele ya kamati yake akitaka. Mpe siku ya kwanza, kabla hamjala. Usimwombee msamaha kwa niaba yangu, na usieleze chochote. Akisoma akanyamaza, wewe nyamaza naye. Hilo unaliweza, nimekuona. Akisema jambo, lisikilize hadi mwisho hata kama linanihusu vibaya. Akikwambia ukatafute chumba kingine, nenda, usiudhike. Na mjukuu wake akiwa darasani kwako akaonyesha mahali kwa kidevu, nenda ukaangalie.

Jumatano uliniuliza kama ni magoti tu, ukangoja, nami nikaenda kwa kuku. Nimechelewa siku tatu kukujibu. Magoti yangu yanauma, lakini basi ningelipanda. Kinachonizuia ni ile adabu inayoningoja upande wa pili. Nikifika, watachuchumaa, watapiga makofi, watafuta kigoda kwa kanga, na yeye mwenyewe ataniletea maji ya kunawa, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwenyekiti, akipiga magoti mbele ya mwalimu wake. Hakuna atakayenidai neno. Nitakuwa nimesamehewa kabla sijasema kosa, na najijua: nitanawa, nitakula, nitasifu mvua. Safari hii nataka neno lifike bila mimi, mahali ambapo haliwezi kukaribishwa kwa chakula.

Kesho nitakubebea begi hadi stendi. Usiisome barua hii mbele yangu. Ifungue ukishapita Mikumi.

Mimi sitarudi Ufipa.

Baba yako,
Gaudensi